Kisima, Kura na Posho: Asasi Zinavyodhaniwa na Zilivyo

Katika mwalo wa Kirumba hapa Mwanza, mtu akisema anafanya kazi katika shirika lisilo la kiserikali huulizwa kwanza limechimba visima vingapi, na akijibu kwamba shirika lake hushughulikia sera za kimataifa za misaada, wasikilizaji hutabasamu na kuwaza semina na posho. Posho zipo, sikatai. Lakini dhana kwamba sera haihusiani na kisima si sahihi.

Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, huku miili ya waliouawa ikichukuliwa na mto Kagera hadi ziwani kwetu. Julai mwaka huo kipindupindu kiliua maelfu ya wakimbizi huko Goma, ingawa mashirika ya misaada yalikuwapo kwa wingi. Tathmini kubwa ya misaada hiyo iliyotolewa mwaka 1996 ilionyesha kasoro za uratibu na za utendaji, na mwaka 1997 mashirika yenyewe, pamoja na Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu, yakaanzisha mradi wa Sphere ili kuweka viwango vya chini vya huduma: angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, na katika makazi ya pamoja watu wasiozidi 20 kwa choo kimoja. Anayepanga kisima cha kambini leo huanzia kwenye hesabu hizo.

Wengine hudhani kwamba mashirika haya hupiga kura Umoja wa Mataifa na kuzilazimisha serikali. Ibara ya 71 ya Mkataba wa Umoja huo wa mwaka 1945 inaliruhusu Baraza la Uchumi na Jamii kushauriana nayo tu. Yenye hadhi ya ushauri huhudhuria vikao, huwasilisha maandishi na wakati mwingine huzungumza, lakini kura ni ya nchi wanachama. Hata hivyo sauti isiyo na kura huweza kusikika: miongozo ya hiari ya uvuvi mdogo, iliyopitishwa mwaka 2014 na Kamati ya Uvuvi ya FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, iliandaliwa kwa kushirikisha vyama vya wavuvi wadogo.

Kwamba mashirika hayafungwi na sheria ni uvumi. Hapa nchini ipo Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya mwaka 2002, na Msajili wa mashirika hayo hudai taarifa kila mwaka.

Dhana ngumu kuliko zote ni kwamba asasi za wenyeji ndizo zinazoshika fedha. Huko Istanbul, Mei 2016, wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba kufikia mwaka 2020 angalau asilimia 25 ya fedha za dharura zingewafikia watoa huduma wa ndani ya nchi kwa njia fupi iwezekanavyo. Lengo halikufikiwa, na asasi ya Sengerema au Ukerewe ingali ikipata fungu lake, ikilipata, kupitia kwa shirika kubwa lililotia saini mkataba na mfadhili.