Kazi Isiyokwisha Ina Mtu Wake wa Kuonyeshwa

Nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa kijana mwenye mkono mzuri kabisa: “Kazi haionyeshwi mpaka iishe.” Wengine hutaja husda, wengine wizi wa mawazo, wengine huamini mchoraji makini hufunika kanvasi, kitambaa cha kuchorea, kwa shuka hadi siku ya kukabidhi. Matokeo yake yako wazi. Hapa Dodoma, kuanzia Majengo hadi Kisasa, kuna vyumba vyenye kanvasi zilizogeuzwa uso ukutani, zikaishia katikati. Hazikuibwa wala kurogwa. Zilikosa jicho la pili kwa wakati wake.

Wizi kwanza, niumalize haraka. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi yenyewe, hailindi wazo. Wazo la kuchora mama anayetwanga mtama chini ya mbuyu ni la kila mtu, uonyeshe usionyeshe. Anayeiga huiga picha iliyokwisha na inayouzika, hahangaiki na mistari yako ya penseli. Piga picha kila hatua na uzitunze na tarehe zake. Siku ya ubishi zitakuwa ushahidi wako. Na anayesema kuficha ndiyo desturi ya wasanii, aende Oysterbay, Dar es Salaam, akawatazame wachoraji wa Tingatinga. Wanafanya kazi mbele ya wateja, hadbodi moja ina rangi ya nyuma tu, nyingine ina twiga ambaye bado hajatiwa madoa.

Sasa tuje kwenye kiini. Karibu kila picha hupita hatua ambayo ni mbaya kuitazama. Mchoro wa penseli uliokuwa unavutia umeshafunikwa, rangi za msingi zimekaa bapa, mwanga na kivuli havijakaa sawa. Kwenye sura ya mtu ndipo panapotisha zaidi, hasa ukianza na msingi wa kijani-kijivu kabla ya rangi ya ngozi. Mchoraji anaona maiti, anadhani ameshindwa, anageuza kanvasi ukutani. Hajashindwa. Yupo mahali ambapo kazi hiyo ilipaswa kupita, na hapo hasa ndipo anapohitaji mtu wa kumwambia kama mpangilio unashika au umeteleza.

Lakini mtu yupi? Hapa ndipo ninapokereka, kwa sababu watu wanachanganya kuonyesha na kuposti. Ukiweka kazi ya nusu kwenye status ya WhatsApp, utapata emoji za mioto na makofi na “hongera sana kaka”. Picha itadumu saa 24, na hakuna hata mtu mmoja atakayekuambia jicho la kushoto limepanda juu. Wanakupenda, na malezi yetu hayaruhusu kumkosoa mtu hadharani. Kusifiwa si kusaidiwa. Isitoshe, sifa ya mapema inaweza kula hamu yenyewe: mtu akishapongezwa kama aliyemaliza, mwili unapumzika. Vitabu vya kufundishia hulipita jambo hili haraka. Ninakiri kuwa si wote wako hivyo, kuna wanaochapa kazi zaidi wakipigiwa makofi, na sina namna ya kukuambia wewe uko kundi gani. Jipime: baada ya kuposti, ulirudi kwenye kanvasi siku ile ile au ulibaki unahesabu waliotazama?

Mteja naye asiione hatua ya katikati. Kazi nyingi za kuagizwa hapa ni sura: zawadi ya mstaafu, wazazi, marehemu aliyebaki na picha ya pasipoti tu. Mtumie mtoto wa marehemu ule msingi wa kijani, atapiga simu usiku kuuliza, “Mbona baba amekuwa hivi?” Hajakosea, anamwona baba yake, haoni hatua. Mwonyeshe mchoro wa penseli, akubali mkao na mavazi, kisha mwonyeshe tena sura ikishakaa, kabla ya vanishi na saini, wakati marekebisho bado yanawezekana. Katikati hapo mwambie kazi inaendelea vizuri, basi.

Wa kuonyeshwa hatua mbaya ni mchoraji mwenzako, mmoja au wawili, na umwendee na swali. Ukiuliza “unaionaje?” atajibu “iko poa”, na umejitakia. Muulize: jicho lako linatua wapi kwanza? Mwanga unatokea upande gani? Sehemu gani inaonekana imebandikwa? Akijibu kwamba jicho linakwenda kwenye kola ya shati, wakati wewe ulitaka liende usoni, umepata kazi ya kesho. Kola ipunguzwe weupe. Akisema ngozi imekuwa kama majivu, huenda umetia giza kwa rangi nyeusi. Changanya kahawia iliyokolea na bluu ya ultramarini, kivuli kitapata uhai.

Ukimtumia kwa simu, picha iwe ya kweli. Piga nje kwenye kivuli, kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi au saa kumi jioni, bila flashi. Usiilaze kanvasi wala kuiegemeza karibu na udongo wetu mwekundu: unaakisi, na ngozi yote inatoka na wekundu ambao haupo. Tandika shuka jeupe chini. Simama mita mbili, kamera ilingane na katikati ya kanvasi, vuta karibu kidogo ili kingo zisipinde. Kwenye WhatsApp itume kama dokumenti, isibanwe ikapoteza ubora. Kisha itengenezee nakala nyeusi na nyeupe. Kama pua na shavu vimeyeyuka vikawa kijivu kimoja, tatizo ni mwanga na kivuli, na kuongeza rangi hakutalitibu.

Kuhusu hamu ya kurudi kazini: usiache brashi baada ya kukamilisha sehemu. Acha sikio moja halijapakwa, ukijua rangi yake ni ipi, ili kesho mkono uwe na pa kuanzia. Tena andaa palete, kibao cha kuchanganyia rangi, isikauke, kwani upepo wa kiangazi hapa hukausha akriliki, rangi inayochanganywa na maji, kwa dakika chache, na mtu anayelazimika kuchanganya upya rangi ya ngozi kila asubuhi huchoka mapema. Chukua kontena la plastiki lenye mfuniko, tandaza kitambaa kilicholowa na kukamuliwa, juu yake karatasi ya kuokea, weka rangi, funika.

Na zile zilizogeuzwa ukutani? Zigeuze. Ondoa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu na uache ikauke. Kama ni akriliki, sugua matuta taratibu kwa msasa namba 240, kisha endelea kwa akriliki au kwa rangi ya mafuta. Kama ilianzwa kwa mafuta, endelea kwa mafuta tu, kila tabaka jipya likiwa na mafuta mengi kidogo kuliko la chini yake. Akriliki juu ya mafuta haishiki, itabanduka.