Kiti kimezama? Achana na sponji kwanza

"Fundi, kiti cha MGB kimezama, niongeze sponji ya inchi ngapi?" Sifuri. Fungua bolti, toa kiti, kipindue, uangalie tumbo lake. Nimelijibu swali hili mara nyingi mno, na bado kila wiki kuna mtu anapandisha godoro juu ya shimo.

Kwenye MGB, gari la Uingereza lililoundwa kuanzia 1962 hadi 1980, uzito wa dereva unabebwa na mpira: ama mikanda iliyovutwa kwenye fremu, ama mkeka mmoja ulioshikwa na ndoano za waya pembeni. Sponji inalainisha tu. Mpira ukizeeka unakauka, unapasuka kwenye matundu ya ndoano, na sponji inafuata chini. Ukiongeza nyingine juu, kiti kinapendeza siku chache, kisha kinarudi palepale. Safari hii na mishono ya kava imefumuka, maana umeilazimisha kumeza kitu kisichoienea. Magoti nayo yanagusa usukani.

Kupima ni rahisi. Ukunje mpira kati ya vidole: nyufa zikifunguka mgongoni mwa kunjo, umekwisha. Uvute kidogo na kuuachia: ukirudi kwa uvivu, umekwisha pia, hata kama hauna ufa.

Mkeka ni kazi nyepesi. Ndoano zenye kutu tupa, anza na pembe nne, halafu jaza katikati kwa kupokezana kushoto na kulia. Mikanda ndiyo inayoharibu watu, kwa sababu wanaivuta kwa hasira. Mvuto wa kuanzia ni kama asilimia 10: palipo na sentimita 44 kati ya klipu na klipu, yaani vishikizo vya ncha mbili za mkanda, mkanda ukiwa umelala uwe na 40. Ukivuta zaidi, kiti kinakuwa benchi na fremu nyembamba inaweza kujikunja kwa ndani. Hiyo 10 yenyewe si amri. Mipira ya siku hizi haina ugumu mmoja, kwa hiyo weka sponji bila kava, kalia, na urekebishe kabla ya kufunga chochote. Kati ya mpira na sponji tandika kitambaa kigumu cha gunia, la sivyo kingo za mkanda zitaitafuna sponji.

Sasa sponji, ikiwa kweli ya zamani imegeuka unga. Usiagize "sponji nzito" ukidhani umeagiza ngumu! Uzito, yaani kilo kwa mita moja ya ujazo, unahusu zaidi itadumu kiasi gani. Ugumu ni kipimo kingine kabisa: nguvu, kwa nyutoni, inayohitajika kuididimiza kwa asilimia 40 ya unene wake. Sponji ya kilo 50 inaweza kuwa laini kama mkate, na ya kilo 25 ikawa ngumu kuishinda. Muuzaji akikupa namba moja tu, muulize ya pili. Akishangaa, nenda kwingine.

Kurudisha kava: pasha joto vinaili, yaani ngozi bandia ya kava, vika sponji mfuko mwembamba wa plastiki ili kava iteleze, vuta kutoka mbele kwenda nyuma. Mfuko uache au uutoe? Mafundi hatuelewani. Ukibaki hunasa unyevu na kupiga kelele. Kuutoa bila kusogeza sponji ni mtihani. Mimi nautoa.

Reli zisafishe kutu na kuzipaka grisi kidogo. Usikaze bolti zote nne kwa mkupuo. Ziache zimelegea, sukuma kiti nyuma kabisa ukaze za mbele, kivute mbele ukaze za nyuma, la sivyo reli hazitakuwa sambamba na kiti kitakwama katikati.

Na tafadhali, bolti iliyopotea usiizibe kwa ya milimita. Gari hili ni la inchi. Bolti ya milimita 6 kwenye nati ya robo inchi inaingia imelegea, kwa kuwa robo inchi ni milimita 6.35, inashika ncha za meno tu na kuzing'oa utakapokaza. Nati yenyewe imechomelewa chini ya sakafu, na hicho ndicho kitu kinachokizuia kiti kisiruke ukifunga breki.