Mpigo wa Leza Unaopita Kabla Atomu Hazijapata Habari

Kioo safi hupitisha mwanga wa leza wenye urefu wa wimbi wa nanomita 800 bila shida. Mwanga huo, ulio ukingoni kabisa mwa wekundu ambao jicho linaweza kuuona, huingia upande mmoja na kutokea upande wa pili karibu bila kupungua. Sasa chukua nishati ileile, ikusanye katika mpigo mmoja mfupi mno, kisha uuelekeze kwa lenzi ndani ya kipande hichohicho. Pale miali inapokutana, kioo hufyonza mwanga na kubaki na tundu dogo lisiloonekana kwa macho matupu, huku uso wake wa nje ukiwa haujaguswa. Kioo ni kilekile na rangi ya mwanga ni karibu ileile. Kilichobadilika ni muda.

Muda wenyewe hupimwa kwa femtosekunde, yaani sekunde moja iliyogawanywa mara trilioni elfu moja. Katika femtosekunde 100, mwanga unaokimbia takriban kilomita 300,000 kwa sekunde huwa umesogea maikromita 30 tu. Nishati inayohusika nayo si kubwa: milijuli moja inatosha kuinua kitu cha gramu 100 kwa milimita moja, basi. Lakini milijuli hiyo ikitoka yote ndani ya femtosekunde 100, nguvu yake kwa kitambo hicho ni gigawati 10. Ukiibana kwenye doa lenye kipenyo cha maikromita 10, ukali wake unapita wati trilioni 10,000 kwa kila sentimita ya mraba. Hapo maada huacha tabia tuliyoizoea.

Kwa kawaida elektroni hufyonza fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, kwa wakati mmoja. Fotoni ya nanomita 800 hubeba elektronivolti 1.55 (elektronivolti ni kipimo kidogo cha nishati), ilhali kuifungua elektroni iliyofungwa ndani ya kioo cha silika kunahitaji takriban elektronivolti 9. Fotoni moja haifui dafu, ndiyo maana kioo ni angavu. Mwaka 1931 mwanafizikia Maria Göppert-Mayer alionyesha kwa hesabu kwamba atomu inaweza kupokea fotoni mbili kwa pamoja. Hakukuwa na taa yenye ukali wa kulithibitisha jambo hilo hadi Theodore Maiman alipowasha leza ya kwanza mwaka 1960. Mwaka uliofuata, ufyonzaji wa fotoni mbili ukaonekana maabarani.

Kwenye kioo chetu zinatakiwa fotoni sita. Uwezekano wa fotoni sita kufika pamoja hukua kwa kipeo cha sita cha ukali: ukali ukiongezeka mara mbili, uwezekano huongezeka mara 64. Naomba msomaji atulie kidogo kwenye hesabu hii, kwa sababu ndiyo inayoeleza usahihi wote wa leza hii. Nje kidogo ya doa, ukali unaposhuka hata nusu, karibu hakuna kinachotokea. Ndani ya doa, elektroni za kwanza zikishafunguka hugonga nyingine na kuzifungua pia, na punde sehemu hiyo ya kioo inakuwa plazma, yaani maada ambayo elektroni zake zimeachana na atomu.

Katika metali elektroni tayari ziko huru, kwa hiyo zenyewe ndizo hupokea nishati moja kwa moja. Jotoridi lao linaweza kufika maelfu ya digrii wakati atomu zilizo kando yao bado zimepoa. Kukabidhiana joto kati ya elektroni na atomu huchukua pikosekunde kadhaa, yaani maelfu ya femtosekunde. Atomu zinapoanza kutikisika, mpigo umeshapita zamani. Tabaka jembamba la juu huruka likiwa mvuke na plazma, na sehemu kubwa ya joto huondoka nalo. Mpigo wa nanosekunde, ambao ni mrefu mara milioni kuliko wa femtosekunde moja, huacha joto lisambae pembeni: metali inayeyuka, kingo zinavimba, nyufa zinajitokeza.

Wengi huita kazi hii ukataji wa baridi. Jina hilo nalikubali nusu tu. Mipigo ikirundikana mingi mno kwa sekunde mahali pamoja, joto kidogo linalobaki baada ya kila mmoja hujumlika, na faida yote hupotea.

Kwa miaka mingi kikwazo kilikuwa leza yenyewe: mpigo mfupi ukikuzwa sana huharibu fuwele inayoukuza. Mwaka 1985, katika Chuo Kikuu cha Rochester nchini Marekani, Donna Strickland na Gérard Mourou waliunyoosha mpigo uwe mrefu, wakaukuza ukiwa dhaifu kwa kila nukta ya wakati, kisha wakaubana tena. Kazi hiyo iliwapa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2018.

Ukali ukizidi, uga wa umeme wa mwanga hushindana na ule unaoifunga elektroni kwenye kiini. Elektroni huvutwa nje, wimbi linapogeuka hurudishwa kwa kasi, na nishati iliyobeba hutoka kama mwanga wa urujuanimno. Anne L'Huillier na wenzake waliuona mwanga wa aina hiyo nchini Ufaransa mwaka 1987, na humo ndimo ilimotoka mipigo ya atosekunde, yaani sehemu moja ya elfu ya femtosekunde.

Manufaa yaliyo karibu zaidi na watu yako kwenye upasuaji wa macho. Konea, yaani utando wa mbele ya jicho, ni angavu kama kioo, hivyo mpigo hupita sehemu yake ya juu bila madhara na kukata ndani, pale daktari alipopanga. Lakini nje ya mikono hiyo, jicho liko hatarini. Mwanga wa nanomita 800 huonekana hafifu, kwa hiyo kope hazifumbi kwa wakati, na lenzi ya jicho huukusanya wote kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Miwani ya jua haikingi. Inatakiwa miwani iliyotengenezwa kwa urefu wa wimbi la leza husika. Na kabla ya kuinama juu ya meza ya leza, vua pete na saa, kwani hata mwali uliogonga metali inayong'aa unaweza kupofusha.