Simu mpya, bando halikai: mambo ambayo muuzaji hakukuambia

Wateja wengi wanaofika mezani kwangu hapa Kariakoo na simu iliyotoka kwenye boksi juzijuzi hawana simu mbovu. Kioo kizima, betri nzima, mtandao unashika. Malalamiko yao ni ya aina nyingine: bando halimalizi siku, meseji za WhatsApp zinaingia kwa mafungu, chaji inagoma asilimia 80, picha ikipelekwa steshenari haifunguki. Mtu amejinyima miezi kadhaa akanunua simu ya maana, sasa anaitamani ile ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Jambo hili linaniuma, maana mara nyingi dawa yake ni kukaa kidogo na mipangilio ya simu, na siku ya kulipa hakuna aliyempa hata neno moja.

Msimamo wangu ni huu: simu hizi zimebuniwa kwa ajili ya mtu mwenye Wi-Fi isiyopimwa nyumbani na kazini, umeme usiokatika, na hali ya hewa ya ubaridi. Sisi wengi tunanunua intaneti kwa MB, tunachaji umeme unapokuwepo, na Januari ya Dar es Salaam mnaijua. Kero nyingi za simu mpya zinatokea hapohapo, na ndiyo maana hazitibiki kwa kubadilisha kifaa.

Nianze na bando, kwa kuwa ndilo linaloleta watu wengi kuliko kitu kingine chochote.

Mama mmoja anayeuza vitenge alinijia akiwa na hakika kwamba anaibiwa. "Mwanangu, naweka bando kwenye ruta asubuhi, adhuhuri limekwisha, na YouTube sijaigusa." Nikamwambia, mama, hebu tuangalie pamoja. Tukafungua mipangilio, sehemu ya mtandao, tukaingia kwenye orodha inayoonyesha kila programu imetumia data kiasi gani kupitia Wi-Fi. Juu kabisa ilikaa Google Photos, programu ya kuhifadhi picha mtandaoni. WhatsApp ilikuwa mbali chini yake. Kila kitenge alichokipiga picha ili awatumie wateja, simu ilikuwa inakipandisha pia kwenye hifadhi ya mtandaoni, picha kamili bila kupunguzwa, pamoja na video zote za wajukuu zilizohamishwa kutoka simu ya zamani.

Simu haikuwa na kosa. Ilifuata kanuni yake: pandisha picha ukiwa kwenye Wi-Fi tu. Tatizo ni kwamba ile ruta ndogo ya dukani ina laini ndani yake na inatumia bando lilelile la kununua, ila simu inaiona kama Wi-Fi nyingine yoyote, kana kwamba ni bure. Hotspoti ya simu ya rafiki nayo inaweza kuleta balaa hilohilo, hasa simu hizo mbili zikiwa za mifumo tofauti. Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachokifanya kwenye simu ya mtu anayetumia ruta ya aina hii ni kufungua maelezo ya Wi-Fi hiyo na kuiambia simu kwamba mtandao huu una kikomo. Simu za Android karibu zote zina chaguo hilo kwenye ukurasa wa Wi-Fi husika. Kwenye iPhone utakuta Low Data Mode ya Wi-Fi hiyohiyo. Ukishaigusa, kazi nyingi za chinichini hunyamaza.

Halafu kuna ukubwa wa vitu vyenyewe. Picha ya kawaida kutoka kwenye kamera ya sasa huwa na MB kadhaa, na ukipiga kwa megapikseli (MP) 50 kamili inaongezeka maradufu au zaidi. Video ndiyo inayotisha. Kwa hesabu za Apple wenyewe, dakika moja ya video ya 4K, yenye picha kali kabisa, kwa fremu 60 kwa sekunde inachukua takribani MB 400, wakati ile ya 1080p, ya ukali wa chini ya hapo, kwa fremu 30 ni takribani MB 60. Kwa shughuli ya ukoo, harusi au hotuba ya mgeni rasmi, ambayo mwishowe itatazamwa kwenye WhatsApp, 1080p inatosha kabisa. Mimi hushusha kiwango hicho kwenye simu ya mteja baada ya kumwomba ruhusa, na mpaka leo hakuna aliyerudi akitaka nirudishe.

Kutazama nako kumepanda bei kimyakimya. Kioo kipya kina uwezo mkubwa na mtandao una kasi, hivyo programu ya video ikiachwa ijichagulie huchagua picha kali zaidi. Saa moja ya video ya 480p, yenye picha hafifu, hula kama nusu GB. Ya 1080p inaweza kula mara tatu ya hapo. Mtu anatazama mambo yaleyale kwa muda uleule, lakini bando linakwisha mapema, na anabaki akiilaumu kampuni ya simu. Ingia kwenye YouTube, TikTok na Instagram, kila moja kwa wakati wake, uwashe kiokoa data. Kwenye WhatsApp zima upakuaji wa moja kwa moja wa video unapotumia data ya simu. Wenye iPhone, zimeni pia Wi-Fi Assist, ambayo simu inatoka nayo ikiwa imewashwa: Wi-Fi ikilegea, simu inahamia kwenye bando bila kukuuliza.

Bekapu ya WhatsApp, yaani nakala ya akiba ya mazungumzo yako, ina mtego wake. Zamani, kwenye Android, bekapu hiyo haikuhesabiwa kwenye GB 15 ambazo Google humpa kila mtu bure. Tangu 2024 inahesabiwa. Zile GB 15 zinagawanywa kati ya Gmail, picha na WhatsApp, na simu mpya yenye kamera nzito inazijaza upesi. Zikijaa na ukaziacha hivyo, barua pepe zinaacha kuingia. Nawaza kijana anayesubiri kuitwa kwenye usaili halafu barua inakataliwa kwa sababu kikundi cha shule ya msingi kimetuma video nyingi za asubuhi njema. Kwenye mipangilio ya bekapu ya WhatsApp, ondoa video. Maandishi na picha peke yake huchukua nafasi ndogo zaidi.

Kuhusu meseji kuchelewa, chanzo chake huwa ni kubana betri. Ili simu ionekane inakaa na chaji, watengenezaji kadhaa wa simu za Android wameweka mfumo unaozizima programu ambazo hujazifungua kwa muda. Wengine wanabana kiasi kwamba WhatsApp yenyewe inalazwa, na meseji zinaingia zote kwa mpigo pale tu unapoifungua. Kwa dereva wa bajaji au bodaboda anayetegemea programu ya kuita usafiri, huo ni mkate wake: ombi linaingia, simu imelala, abiria anapewa mwingine. Nenda kwenye mipangilio ya programu, chagua ile unayoitegemea, fungua sehemu ya betri, uiruhusu ifanye kazi bila vikwazo. Kwenye baadhi ya simu kuna kitu cha pili, ruhusa ya programu kujiwasha yenyewe, na usipoiwasha hiyo umefanya nusu ya kazi. Fanya hivyo kwa programu tatu au nne tu. Ukiziachia zote, betri itaisha kweli.

Ile chaji inayosimama 80 si ubovu. Betri za lithiamu huchakaa haraka zikikaa muda mrefu zimejaa pomoni, na huchakaa zaidi zikijaa pomoni huku zina joto. Ndiyo maana simu nyingi za sasa zina chaguo la kuishia asilimia 80, na kwa Apple lilianza na simu za iPhone 15 za mwaka 2023. Wataalamu wengi wanakwambia uliache. Mimi nasema inategemea unaishi wapi. Mtaani kwako umeme ukikatika kila mara, jaza mpaka 100 na uende kazini kwa amani, kwani betri hubadilishwa, na simu iliyozimika usiku mgonjwa akiwa ndani ina hasara kubwa kuliko uchakavu. Umeme ukiwa wa uhakika, acha ikomee 80.

Chaja je? Apple iliiondoa kwenye boksi ilipotoa iPhone 12 mwaka 2020, Samsung ikafuata na Galaxy S21 mwanzoni mwa 2021. Wengi wakachomeka kichwa cha zamani, cha volti 5 na ampea 1, yaani wati 5. Piga hesabu: betri ya mAh 5000 inabeba kama wati-saa 19, hivyo hata bila nguvu kupotea njiani ungehitaji karibu saa nne, na kwa kuwa hupotea kila mara, tegemea tano. Ukiitumia huku inachaji, ni usiku kucha. Unachohitaji ni kichwa chenye alama ya USB PD, yaani kiwango cha kuchaji kwa kasi, na kwa baadhi ya simu kiwe pia na PPS, ambayo huiwezesha simu na chaja kuelewana volti hatua kwa hatua. Waya nao una maana. Simu ikigundua kwamba haiwezi kuwasiliana na chaja, inarudi kwenye mwendo wa pole kwa usalama wake, na huwezi kuilazimisha. Waya wa bei ya kutupa wa kando ya barabara mara nyingi ndio unaovunja mawasiliano hayo.

Kuna jambo la bodaboda ambalo ningependa kila dereva alisikie. Kamera nyingi za simu za gharama zina lenzi isiyokazwa: vihisi vidogo hupima mtikisiko wa mkono, na sumaku huisogeza kuufuata ili picha isitie ukungu. Septemba 2021 Apple ilitoa tahadhari rasmi kwamba mtetemo wa injini ya pikipiki, unaopita kwenye fremu mpaka kwenye usukani, unaweza kuidhoofisha mitambo hiyo simu ikiwa imefungwa hapo. Dalili zake nazijua vizuri: ukifungua kamera picha inatetemeka kama maji yanayochemka, na ukitega sikio unasikia mvumo mdogo mgongoni mwa simu. Ikifikia hapo hakuna cha kutengeneza, unabadilisha kamera nzima, na ile halisi ni ghali. Kama una simu ya zamani yenye ramani na laini inayofanya kazi, ifunge hiyo kwenye usukani. Ile mpya ibaki mfukoni. Kama huna, nunua kishikilio chenye mpira wa kunyonya mtetemo.

Usukani huohuo unaleta na joto. Apple wanaandika kwamba iPhone imekusudiwa kutumika kwenye hali ya hewa kati ya nyuzi 0 na 35 za Selsiasi. Simu iliyoachwa juani, kwenye usukani au kwenye dashibodi ya gari, huvuka hapo bila shida. Ndipo kioo kinajififisha chenyewe na chaji inasimama. Inajilinda. Itoe juani, ivue kava, usiiweke kwenye friji.

Na maji ya bahari. Alama ya IP68, ile ya simu inayostahimili maji, inatokana na vipimo vya maji baridi, yasiyo na chumvi, kwa kina na muda uliowekwa. Chumvi hubaki kwenye tundu la chaji na kula shaba taratibu. Simu za watu wa Kigamboni na Zanzibar nazitambua kwa ukijani ulio kwenye pini. Simu yenye alama hiyo ikiingia baharini, isuuze kwa maji ya bomba, ikung'ute tundu likiangalia chini, iache mahali penye hewa, na usiichaji kwa saa kadhaa. Mchele uacheni jikoni, vumbi lake linaingia kwenye tundu na kuziba.

Mengine niyapite haraka. Tundu la hedifoni halipo kwenye simu nyingi za bei ya juu. Adapta ndogo ya USB-C inatosha, usijitie kwenye gharama ya zile zisizo na waya kama huzitaki. Alama ya kidole ikikataa baada ya kubandika protekta, futa kidole kilichosajiliwa na ukisajili upya protekta ikiwa juu. Ikiendelea kukataa, protekta ni nene mno kwa kihisi cha chini ya kioo. Picha za iPhone zinazokataa kufunguka steshenari zimehifadhiwa kwa HEIC, muundo wa kubana picha ambao kompyuta nyingine hazifungui. Kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya Formats, chagua Most Compatible, na picha za pasipoti zitafunguka kwenye kompyuta yoyote. Zile za nyuma hazitabadilika.

La mwisho ni kuhusu simu unayoiacha, na hapa nawasihi msiwe na haraka ya kuiuza. Hakikisha kwanza mazungumzo ya WhatsApp yamefika yote, kwamba namba za simu zimehifadhiwa kwenye akaunti na hazijabaki kwenye kumbukumbu ya simu ya zamani, na kwamba programu za benki na za pesa za simu zinafunguka kwenye mpya, kwa sababu nyingine hutaka kukuthibitisha upya. Kama umeweka PIN ya hatua ya pili ya WhatsApp na umeisahau, ibadilishe ukiwa bado na simu ya zamani mkononi. Ukishaingia kwenye simu mpya bila hiyo PIN na bila barua pepe ya kuirejesha, unaweza kulazimika kusubiri siku saba. Yote yakishakaa sawa, ondoa akaunti ya Google au ya iCloud kwenye simu ya zamani, ndipo uifute. Ukiifuta kwa vitufe kabla ya kuondoa akaunti, itajifunga, na mnunuzi atakurudia kesho yake akidai umemuuzia simu ya wizi.