Mwanangu anamwinamia nani kwenye karate?

Saa kumi na moja jioni, darasa la shule ya msingi moja huko Mabatini, Mwanza. Madawati yamesukumwa pembeni, sakafu imenyunyiziwa maji kutuliza vumbi. Watoto ishirini na kitu wamepiga magoti kwa mstari, mkanda wa kahawia upande mmoja, mweupe mwisho kabisa. Ubaoni, juu ya hesabu za sehemu ambazo hakuna aliyezifuta, sensei, yaani mwalimu wa karate, amebandika kwa selotepu picha ya mzee wa Kijapani. Mwanafunzi mkubwa anaita, "Shomen ni rei!" na vipaji vyote vya uso vinashuka kuelekea sakafuni. Mama mmoja mlangoni akanigeukia, akauliza bila hasira: "Mwalimu, sisi ni Waislamu. Yule mzee ni nani, na mwanangu anamsujudia kwa nini?"

Nafundisha masomo ya dini chuoni, na swali hili naletewa na maustadhi, wachungaji na wazazi wa kila aina. Kumjibu mtu "ni mazoezi tu, mama" ni kumdharau.

Mzee wa pichani ni Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule aliyezaliwa Okinawa mwaka 1868, akaipeleka karate Tokyo mwaka 1922, akafariki mwaka 1957. Klabu nyingi za Shotokan, mtindo wa karate uliotokana naye, hutundika picha yake kama shule zetu zinavyotundika ya Baba wa Taifa. "Shomen" ni upande wa mbele wa ukumbi; "rei" ni heshima, salamu. Hadi hapo hakuna ibada. Ila nisifiche jambo: kule Japani, dojo nyingi za zamani, yaani kumbi za mazoezi, zina kishubaka cha Shinto, dini ya jadi ya Japani, upande huo wa mbele, na kwa muumini wa Shinto kuinama pale kuna uzito mwingine. Sensei anayeapa kwamba karate haijawahi kukutana na dini hajaisoma historia yake.

Wala historia hiyo si moja. Jigoro Kano alianzisha judo mwaka 1882 ndani ya hekalu la Kibudha la Eisho-ji, Tokyo, lakini pale alikuwa amepata nafasi tu. Yeye alikuwa mtu wa elimu na judo aliiona kama malezi. Morihei Ueshiba, mwanzilishi wa aikido, mchezo mwingine wa Kijapani wa kujihami, kinyume chake alikuwa mfuasi wa Omoto, dini ya Kijapani, na mafundisho yake yamelowa imani hiyo. Ile hadithi ya mtawa wa Kibudha Bodhidharma kuwafundisha watawa wa Shaolin, China, mazoezi inatokana na maandishi ya karne ya 17, zaidi ya miaka elfu moja baada ya wakati wake. Watoto wetu wameipata kwenye vibanda vya video.

Turudi nyumbani. Binti wa Kisukuma akimwamkia mzee, anapiga goti. Nenda Magu, nenda Kwimba, utaona hivyo hadi leo, na sijasikia paroko aliyekemea. Katika Mwanzo 33, Yakobo anamwinamia ndugu yake Esau mara saba hadi chini, na hakuna anayesema alimwabudu. Kwa Mkristo, basi, swali kubwa ni nia. Kwa Mwislamu mlango ni mwembamba zaidi: rukuu na sijda ni za Mwenyezi Mungu, na katika hadithi ya Anas iliyopokewa na Tirmidhi, Mtume aliulizwa kama mtu amwinamie nduguye wanapokutana, akajibu hapana. Mama yule hakuwa anatafuta ugomvi. Alikuwa na hoja.

Dawa yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mtoto asimame wima, aweke mkono kifuani, aseme "asante sensei". Heshima imefika. Katika mazoezi ya klabu hilo ni juu ya sensei kuamua. Mashindanoni ni kanuni, na huko mambo huwa magumu. Mwaka 2002 mahakama moja ya Marekani, katika jimbo la Washington, iliwakatalia wanajudo waliopinga kulazimishwa kuinama kwa sababu ya imani yao. Lakini kanuni nazo hulegea. Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012, Wojdan Shaherkani wa Saudi Arabia aliruhusiwa kuingia kwenye judo akiwa amefunika nywele, baada ya mvutano mkubwa. Pambano lake lilidumu sekunde 82, akashindwa. Alikuwa na miaka 16.

Kusema kweli, kwa hapa Mwanza kuinama hakunisumbui sana. Kinachonisumbua ni Jumamosi. Mitihani ya mikanda hupangwa Jumamosi asubuhi kwa sababu shule zimefungwa, na Wasabato kandokando ya ziwa hili ni wengi. Mtoto anakaa na mkanda wa njano miaka miwili huku wenzake wakipanda. Hakuna aliyemfukuza; ratiba imefanya kazi hiyo. Jumapili saa tisa alasiri ukumbi ni uleule, na ibada karibu zote zimekwisha.

Jambo la pili ni hirizi. Usukumani mashindano na dawa wamezoeana zamani. Waulize wazee habari za Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana. Nimemwona kijana Igoma, dakika chache kabla ya pambano, akivuta mkono wa sare ufunike kamba nyeusi aliyofunga juu ya kiwiko. Aliingia akiwa ameshusha mikono, kwa kuwa aliambiwa hapigiki. Teke la pili lilimkuta mbavuni. Hapo ndipo imani inapoingia dojo kweli, na hakuna mzazi aliyenipigia simu kuiulizia.

Nilimweleza sensei wa Mabatini maneno ya yule mama, akakubali palepale. Wiki iliyofuata nilipopita, picha haikuwepo. Nikadhani ameitoa kwa ajili yake. "Hapana," akasema, "mwalimu wa zamu kakataza selotepu ubaoni." Mkubwa akaita, watoto wakainama mbele ya hesabu za sehemu, na kijana mmoja katikati ya mstari akabaki wima, mkono kifuani.