Silikoni inajaza titi, hailinyanyui

Wiki hii ni mgonjwa wa tatu anayetaka titi lililoshuka linyanyuliwe. Hata futikamba sijashika, ananiambia "dokta mi makovu sitaki, niwekee silikoni tu litanyanyuka lenyewe." Jamani! Silikoni, ule mfuko tunaoweka ndani ya titi, inajaza. Ngozi ishalegea, ukiibebesha mzigo wa gramu 300 unapata titi kubwa lililoshuka, na mzigo wenyewe unazidi kulivuta.

Sasa hawa walioshuka kidogo. Namsimamisha, naweka kidole kwenye mkunjo wa chini ya titi naangalia chuchu iko wapi. Ikiwa juu ya mkunjo na titi limepwaya tu, labda kwa kunyonyesha, hapo sawa, silikoni peke yake inaweza kutosha. Ikiwa usawa wa mkunjo ndo ubishi unaanza. Ikishuka zaidi, tusidanganyane, ni upasuaji wa kunyanyua, kwa mkato wa wima (kuzunguka weusi wa chuchu kisha kushuka hadi kwenye mkunjo) au ule wa nanga (huohuo, ukiongeza mkato unaofuata mkunjo).

Wengi wanataka ile ya duara, mkato wa kuzunguka weusi wa chuchu tu, kwa sababu kovu linajificha pembeni ya weusi wa chuchu. Kujificha linajificha, ila ngozi inakatwa kama pete halafu inakusanywa na uzi kama mdomo wa mfuko wa kamba, kwa hiyo mwanzoni ina vikunjo vikunjo, baadae ngozi inavuta kwenda nje usiku na mchana, kovu linapanuka, weusi nao unapanuka, na titi linakuwa bapa mbele kama limekaliwa. Kwa kupandisha chuchu sentimita 1 au 2 inafaa, ukiilazimisha zaidi ya hapo utanilaumu mimi. Kovu la wima kwenye picha linatisha, lakini kupitia hapo ndo tunakusanya nyama ya ndani na kulipa titi umbo, na mara nyingi linafifia vizuri kuliko hilo la kujificha.

Nikiri pia. Walio mpakani kabisa, mimi na mwenzangu tunaweza kumpima mtu mmoja tukatoka na majibu mawili, na kuna mtu nilimfanyia ya duara kwa kumhurumia, mwaka ulivyoisha tukarudi mezani kuweka wima. Titi likishanyanyuliwa litakaa miaka mingapi? Sikuahidi. Mimba na uzito wa kupanda na kushuka vinalirudisha chini. Sigara uache wiki 4 kabla ya upasuaji, hiyo sijadili. Na mazoezi yanajenga msuli ulio nyuma ya titi, titi lenyewe halina msuli.

Wa leo kayasikiliza yote haya, kanyamaza, kisha kauliza, "na krimu je?"