Kwa nini mtoto mmoja akipata tetekuwanga deikea, wenzie nao wanafuata hata akirudishwa nyumbani siku hiyohiyo?

Jumatano asubuhi dada wa kituo anaona vipele viwili vitatu tumboni kwa mtoto, anampigia mama yake, mtoto anafuatwa fasta, midoli inasuguliwa na jiki. Wiki mbili mbele wenzie wanne wana malengelenge na lawama zote kwa dada, eti kituo kichafu.

Jamani mwacheni dada wa watu. Tetekuwanga inaanza kuambukiza siku moja au mbili KABLA kipele cha kwanza hakijatoka, yaani Jumatatu na Jumanne huyo mtoto alikuwa fiti tu, anacheza, analala mkeka mmoja na wenzie, na virusi vyenyewe vinapita hewani sio kwenye midoli tu. Halafu aliyeambukizwa anakaa siku 10 mpaka 21 ndo aonyeshe, wengi kama wiki mbili hivi, watu washasahau kabisa.

Kwa hiyo kituo chenye akili kinawaambia wazazi wote siku ileile, kinaandika tarehe, kinaangalia ngozi za watoto kila asubuhi mpaka wiki tatu ziishe. Na kumbuka mwalimu mjamzito ambaye hajawahi kuugua, huyo aende kwa daktari mapema, asisubiri vipele.

Mgonjwa anarudi lini? Sio homa ikishuka, hapo ndo wazazi wengi tunakosea kwa sababu ya kazi. Ni mpaka malengelenge yote yakauke yawe magaga na mapya yasitoke, kawaida kama wiki. Magaga yenyewe si lazima yadondoke. Kuoga aoge, ile ya kumficha maji wiki nzima haina maana, mkate kucha tu asijikune. Homa mpe paracetamol kwa kipimo cha umri wake, ila aspirini usithubutu, inaweza kuleta ugonjwa nadra lakini mbaya wa ini na ubongo.

Chanjo ipo, Mjapani Michiaki Takahashi aliitengeneza miaka ya 70 baada ya mwanae kuugua vibaya, Marekani wanachanja watoto tangu 1995.

Na mkiona mtoto kaugua wakati kituoni hamna mgonjwa, muulizeni bibi nyumbani kama ana mkanda wa jeshi. Virusi ni vilevile, vililala kwenye mishipa yake ya fahamu tangu utotoni, na majimaji ya yale malengelenge yake yanaweza kumpa mjukuu tetekuwanga.